Utabiri wa Jana

Saa nne asubuhi ukurasa bado ulisema: Ziwa shwari. Nje ya dirisha, wingu jeusi lilikuwa limeshatanda juu ya maji.

Queen alibonyeza tena. Shwari.

Yeye ndiye fundi wa tovuti ya hali ya ziwa, ambayo manahodha huitazama kabla ya kutoka mwaloni. Jana alikuwa ameihamishia programu kwenye folda mpya, na utabiri wa leo, wa dhoruba, ulikuwa humo. Lakini seva, kompyuta inayoendesha tovuti, bado ilikuwa na nakala ya programu ya zamani kwenye kumbukumbu yake, pamoja na njia ya kwenda folda ya zamani. Haikuwa na habari na folda mpya. Kila aliyeuliza, ilimpa utabiri wa jana.

Dawa ilikuwa moja tu: kuizima seva na kuiwasha upya. Nywila ya kufanya hivyo alikuwa nayo bosi wake, Irfan, aliyeanza likizo leo na kukataza simu za kazi.

Alimpigia mara kumi na moja. Hapatikani.

"Bosi, tafadhali, hata ukitaka kunifukuza," aliandika. Ujumbe haukufika.

Akaanza kuwapigia manahodha. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alicheka, akakata. Wa tatu, mzee Luhaga, akapokea.

"Shikamoo, mzee. Usitoke! Dhoruba inakuja."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kwenye simu wanasema shwari? Abiria wameshakaa."

"Ukurasa unadanganya. Kosa ni langu. Washushe, nakuomba."

Akamsikia akiwapazia sauti abiria washuke, na abiria wakinung'unika. Queen akaegemea ukuta, machozi yakamtoka.

"Waambie na wenzako, mzee. Mimi namtafuta bosi, ndiye pekee anayeweza kuurekebisha."

"Irfan?"

"Ndiyo. Kazima simu, hataki kusumbuliwa."

"Hajazima." Sauti ya mzee ilishuka. "Huko katikati ya ziwa mtandao haushiki. Kaondoka hapa saa mbili na boti yake, na mkewe na watoto, wanakwenda visiwani. Nilimwambia hili wingu silipendi. Akanifungulia huo ukurasa wenu, akasema fundi wake hakosei."