Mwenye Kopo

"Kitufe," ilisema kompyuta.

Akabonyeza mshale.

"Kitufe."

Akabonyeza tena.

"Kitufe."

"Kitufe cha nini, we shetani?"

Kazini walimwita Masikio. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, hakuwahi kuona tangu azaliwe, na alimjua daktari aliyenuna kwa namna anavyosema halo. Kompyuta yake haikuwa na kioo. Alishakigawa zamani, maana kwake kilikuwa kazi ya kupangusa vumbi tu. Sauti iliyokuwa ndani ndiyo iliyomsomea kila kitu. Lakini hii programu ya kusafisha sauti waliitengeneza wenye macho, wakaacha nusu ya vitufe bila majina, na yeye ikambidi avihesabu kama ngazi za nyumba ya ugenini.

Ukanda wa video aliukuta kwenye sanduku la marehemu baba yake. "Mama yako yumo humu," baba alimwambia wiki ya mwisho ya uhai wake, "na wewe umo." Mama alifariki mtoto hajatimiza miaka miwili. Mtoto huyo sasa ana thelathini na tisa, na sauti ya mama yake haijui.

Fundi wa studio aliuhamishia ukanda kwenye kompyuta. "Picha safi," alisema, "ila sauti ni makelele matupu."

Hakusema uongo. Mwanzoni baba alisikika akisema, "Haya, anza," kisha kopo. Chaka-chaka-chaka. Likinyamaza, linaanza upya. Kuna mtu alilitikisa kopo dakika nne nzima, na nyuma yake bomba likavuja: tap... tap, tap... tap. Mama wa watu angesikika saa ngapi katika vita hiyo?

Hii ilikuwa wiki ya tatu. Alichagua kipande chenye kopo peke yake, akaifundisha programu: hii ndiyo kelele, ifute. Ikafuta, na baba naye akawa kama anaongea ndani ya pipa. Akarudi kwenye nakala ya kwanza, akaanza upya. Programu ikazima yenyewe. Akaanza upya tena, meno yakisagana.

Mumewe, seremala, aliingia na harufu ya mbao. Akaweka chai mezani na kugonga kikombe kwa kijiko, kama kawaida yao: ting, ting. Mkono wa mkewe ukaufuata mlio mpaka kwenye kikombe.

"Kitendawili," alisema mume.

"Sitaki."

"Kitendawili!"

"Haya tega, uondoke."

"Hana uso, lakini anatukanwa kuliko mkwe."

"Kompyuta yangu. Na wa pili kutukanwa ni wewe."

Mume akacheka. "Bado kopo?"

"Bado. Yaani huyo mwenye kopo, baba watoto, ningemkuta leo ningemnyang'anya nikampiga nalo. Mama yangu anaongea, yeye anacheza! Adabu hana."

"Labda ni mtoto."

"Mtoto nilikuwa mimi peke yangu. Hilo ni jitu zima, sikia linavyotikisa."

"Si tuunganishe runinga nikuangalizie?"

"Hapana. Nimsikie mimi kwanza, ndipo nyie mumwone. Miaka yote mmemwona kwenye picha ya ukutani. Safari hii zamu ni yangu."

Jumamosi saa nne asubuhi, kopo likaisha. Alikuwa ameachana na ujanja wa programu, akalifuta kwa mkono, mtikiso kwa mtikiso, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Kisha akafuta bomba, tone kwa tone. Kikabaki kishindo kimoja kidogo, kama cha kitu kilichoanguka. Nacho akakifuta.

Akavaa hedifoni, akapandisha sauti hadi mwisho. Moyo ulimdunda mpaka akaona nao ni kelele.

"Haya, anza," alisema baba.

Kimya.

Dakika nne za kimya. Pumzi za baba tu, karibu na kamera, na mwishoni zikikwamakwama kama za mwenye mafua. Basi.

Alivua hedifoni akazitupa. Kikombe kikaanguka.

"Hayumo!" alipiga kelele. "Baba yangu amenidanganya, na huku anakufa!"

Mume alikuja mbio, randa bado mkononi. Akamkuta mkewe ameinamia meza, vidole kwenye chai iliyomwagika. Akachomeka waya wa runinga.

"Haya," alisema mke kwa sauti iliyokauka. "Nimeshindwa. Chukua mji wowote uutakao, unipe jibu. Mama yangu yumo?"

Mume alitazama.

"Yumo."

"Anaongea?"

"Haongei. Amechuchumaa mwisho wa chumba, amejiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yanamtoka."

"Na mkono wa pili?"

"Mkono wa pili anatikisa kopo," alisema mume taratibu. "Na wewe umeachia ukuta, miguu mitupu ikipiga sakafu, unamfuata. Umeanguka... Ameongeza kutikisa. Umeinuka."