Kipande cha Mbuzi ya Nazi

Maburuki alikuwa akiunga kalamu ya kumpa binti yake Raya, aitilie sahihi ndoa yake. Aliiunga kwa vipande vya mbao: mninga wa mlango wa nyumba, mvule wa kitanda alichozaliwa Raya, na kimoja alichokata kwenye mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mkewe. Nazi zilizokunwa pale zingefurisha mto. Basi kipande kile kilishiba mafuta, kikakataa gundi. Kila akikibana, kinadondoka.

"Kaka, mwache," alisema dada yake, Mize. "Hata alipokuwa hai hakubanika wifi yule."

"Raya kasema hatatia sahihi pasipo mama yake."

Maburuki akaweka gundi kando. Akakitoboa kile kipande pole pole, akakipigilia kijiti alichochonga kwenye mwiko wa mkewe. Kikatulia. Ndipo akaikereza kalamu.

Siku ya ndoa, shehe alimsogezea Raya karatasi. Raya akaiinua kalamu, akaipeleka puani, akafumba macho. Mahali pa sahihi palikuwa bado peupe, na harufu ya tui ilikwisha fika mlangoni.