Figo la Nyumba Moja

Sheria iliruhusu kila nyumba figo moja tu la kiwandani, na la nyumba yao alikuwa nalo mama mwilini. Mwanakheri alipofika miaka kumi na sita, ugonjwa wa figo wa ukoo wao ukamvimbisha uso na miguu.

"Kesho wanakuhamishia langu," mama alisema, akimenya viazi.

"Na wewe je, mama?"

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi, mwanangu."

Mwanakheri alilia, akaapa haendi. Asubuhi mama alimshika mkono, wakaenda hospitali.

Baada ya wiki chache uso wa Mwanakheri ulinywea. Mama alirudi jikoni akapika kama kawaida, ila viatu havikumwingia tena.

"Kula," alisema.

Mwanakheri alimaliza sahani nzima, akaionea aibu njaa yake.