Kona ya Glenys

"Fanya mzunguko, kisha rudi ulikotoka," mwanamke wa kwenye helmeti akasema tena.

Glenys Pascoe akamtukana. Skrini ya ramani iliyojengewa kwenye pikipiki yake mpya, yenye sauti hiyo ya kike, ilimwonyesha akiwa katikati ya ziwa la chumvi. Yeye alikuwa amesimama kwenye njia panda ya vumbi, milima ya Flinders ikiwa mbele yake, na ziwa lenyewe lilikuwa kilomita tisini kutoka hapo.

Alikuwa amesimama saa moja na nusu. Klabu yao ya pikipiki ina utaratibu wake: kila penye kona, mtu mmoja husimama kuwaelekeza wa nyuma, na haondoki mpaka amwone mkia. Mkia ni mtu wa mwisho kabisa kwenye msafara, naye hujulikana kwa kitambaa cha manjano kilichovishwa juu ya helmeti. Usipomwona, utakaa hapo mpaka uote mizizi.

Hakuna aliyeiheshimu sheria hiyo kuliko Glenys. Miaka kumi na moja iliyopita mtu mmoja aliona baridi, akaacha kona yake. Les, mume wa Glenys, hakujua pa kukata. Akanyoosha moja kwa moja, akatumbukia korongoni, na mkia akapita njia nyingine. Walimpata kesho yake.

Na mkia wao, miaka nenda miaka rudi, ni Col, mdogo wake Les, mzee wa ndevu nyeupe na moyo mbovu.

Glenys alimwona mara ya mwisho kwenye kibanda cha chai, kilomita kumi na tano nyuma. Wenzao walikuwa wanawasha injini, Glenys ameinamia skrini iliyomtaka akubali masharti ya kurasa kumi na nne. Alibonyeza na glavu, ikakataa. Alivua glavu, ikafungulia muziki. Col akaja kumcheka.

"Shemeji, ulinunua pikipiki au televisheni?"

Akaongeza maneno mengine, lakini mwanamke wa kwenye helmeti aliyafunika na maagizo yake. "Sawa, sawa," Glenys akajibu bila kuinua kichwa. Col akamshika helmeti, akaipiga makofi mawili kama mtu anayechagua tikiti maji, akaenda zake.

Glenys alipoinua kichwa, uwanja ulikuwa mtupu. Col atakuwa nyuma ya kibanda anavuta ile sigara aliyokatazwa na daktari, akawaza. Akaondoka ili asimcheleweshe.

Kwenye kona hii, ya kwanza tangu chai, alimkuta Nev wa klabu yao akielekeza. Nev alipomwona tu akampungia mkono, akaondoka mbio. Glenys akacheka peke yake. Nev na kibofu chake! Akaegesha, akaishika kona.

Hakucheka tena. Baada ya hapo hakupita mtu.

Simu haikuwa na mtandao. Skrini ilisifiwa dukani kwamba ina kitufe cha dharura kinachoongea na satelaiti, na ndiyo maana hakuwa amevua helmeti: kipaza sauti kilikuwa humo. Alikibonyeza kitufe mara ya saba. *Tafadhali sasisha mfumo.*

"Mtu anakufa huko nyuma, mjinga wewe!" akaifokea. Sauti ilimtoka na kilio ndani yake.

Arudi kumtafuta? Je, kama Col amekata kupitia njia ya mifugo na anatokea upande mwingine, akute kona haina mtu? Glenys aliitazama barabara iliyonyooka mbele, kama ile iliyomchukua Les. Hakusogea.

Pikapu ikatokea kwenye njia ya ranchi, mbwa amesimama nyuma. Mwanamke wa makamo akashusha kioo.

"Mama, salama? Nimekuona toka kule kilimani, unang'aa kama taa! Mimi Roz, wa ranchi hii."

"Roz mwanangu, nisaidie. Nina shemeji yangu huko nyuma, mzee, ndevu nyeupe, pikipiki nyekundu. Hajafika na moyo wake si mzima."

"Panda twende wote. Hapa upepo utakuua."

"Siachi kona."

"Kona haiibwi, mama."

"Siachi."

Roz akamtazama, akaona hakuna wa kubishana naye. Akageuza pikapu na kuondoka, vumbi likamfuata.

Dakika arobaini. Glenys alizihesabu zote kwenye saa ya skrini, kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi humo. Aliomba, ingawa hakuwa mtu wa kuomba. Huyu naye usimchukue. Huyu wa mwisho mwachie mama yake, mkwe wangu, yule bibi wa miaka tisini na nne, amezika mmoja inatosha.

Roz akarudi peke yake. 

"Nimefika mpaka kwenye kibanda cha chai. Barabara nyeupe, mama, hakuna mtu. Lakini nilipopanda kilimani redio yangu ya upepo ikaipata baa waliko wenzako. Kuna mzee huko mwenye ndevu, anapiga meza, anataka wote wageuze pikipiki. Anaitwa Col."

"Col yuko baa?" Machozi yakamtoka Glenys. "Mzima?"

"Mzima, ila analia. Anasema mkia wao hajafika."

"Mkia ni yeye!"

"Si tangu kwenye chai. Moyo ulimbana kidogo, anasema, akaona atangulie. Kazi akamkabidhi mtu mwingine, na huyo akamwambia sawa, sawa."

Upepo ukavuma. Ndani ya helmeti mwanamke yule akaanza tena kumwambia afanye mzunguko.

Glenys akavua helmeti yake nyeusi. Ilikuwa imevishwa kitambaa cha manjano.