Dawa Umekunywa?

Marehemu Taban alianza kumwuliza mkewe maswali mara tu baada ya alasiri.

"Hawah, dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Chakula umekula?"

"Kidogo."

"Kula ingine."

Upande wa pili wa ukuta, Mama Medina aliendelea kuchambua ulezi. Siku za kwanza sauti ile ilimtoa mbio hadi barabarani. Sasa alikuwa ameizoea, kama mtaa mzima hapo Koboko. Taban alikuwa fundi wa simu za upepo jeshini. Kabla ya kupelekwa vitani aliiacha sauti yake ndani ya redio ya kaseti, akiuliza na kunyamaza, akiuliza na kunyamaza, ili mkewe mwenye presha asisahau vidonge. Kisha habari ikaja kwamba amekufa huko kusini. Maiti haikuja. Walimlilia hivyo hivyo, Hawah akakaa eda, serikali ikaanguka, na askari wapya wakafika wakitafuta wale wa zamani nyumba kwa nyumba. Mtaa ulikuwa umelia hadi ukachoka.

Taban alikuwa jirani mwema. Medina akipiga chafya jikoni kwake na kumshukuru Mungu, dua ya kumrehemu ilivuka ukuta hata kama Taban alikuwa na tonge mdomoni. Siku hizi chafya zake hazikuwa na wa kuziitikia.

Askari waliposikia sauti ya mwanamume mle ndani kwa Hawah, waliuvunja mlango. Medina alikuwapo. Hawah, kama asiyeziona bunduki, alibonyeza kitufe, na mashine ikauliza habari za dawa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo, wakipita na kuisikia, walijibu wenyewe toka njiani: "Amekunywa, mzee!"

Medina hakuona cha kuchekesha. Mjane anaongea na mashine, halii, wala hazungumzi na watu. Akili inamtoka hivi hivi. Lakini alikuwa anakula, na alikula kwa sababu mashine ilimwambia ale. Ikinyamaza, je?

"Betri unatoa wapi?" alimwuliza siku moja. "Dukani hakuna tangu vita."

"Bado iko na nguvu kidogo," alisema Hawah, akitazama ukuta.

Wiki iliyofuata ofisa wa wale askari alikuja kuichukua ile redio. Alikuwa ameitamani. Medina alimfuata hadi mlangoni, akamsihi.

"Afande, huyu mutu mgonjwa. Hii ndio daktari yake. Ukichukua, atakufa."

"Atapata nyingine," alisema ofisa, akaiweka begani na kuondoka.

Hawah hakunyanyuka mkekani. Uso wake haukuonyesha kitu, na hilo ndilo lililomtisha Medina kuliko kilio. Akaenda kwake, akarudi na kinu na pilipili za mchuzi, akakaa kando ya magunia ya ulezi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Kama hakuna tena wa kumwuliza huyu mtoto wa watu, atamwuliza yeye.

"Hawah, dawa umekunywa?"

Hawah alitikisa kichwa.

"Basi kunywa. Mimi nakuja kila siku. Sauti yangu si kama ya bwana yako, lakini itatosha."

"Mama, enda nyumbani."

"Siendi."

"Enda, Mama. Mimi iko sawa."

Medina akatwanga. Alitwanga kwa hasira ya ofisa yule, na ya vita, na ya mashine yenyewe, hata vumbi la pilipili likajaa chumbani na kumpanda puani. Akapiga chafya iliyomtoa machozi, akajifuta kwa ncha ya leso.

"Alhamdulillahi," alisema.

"Yarhamukillah," magunia yakamjibu.