Wiki Sita

"Mwaka mzima hawajauza hata kipimo kimoja!" Kaka aligonga meza kwa kidole. "Wenzao wa dawa ya nguvu wanauza mpaka wanaishiwa chupa. Urithi wa baba si wa kubahatisha, dada."

Dada mtu, mkunga kwa miaka thelathini, aliutazama mlango. Alikuwa amekubali kuwekeza urithi huo katika kampuni moja changa ya vipimo kwa sharti moja: kipimo chao cha kutambua mapema kifafa cha mimba kijaribiwe na maabara isiyoijua kampuni, kwa sampuli mia nne za damu ya wajawazito zilizohifadhiwa, zenye namba bila majina. Majibu yalitarajiwa asubuhi hiyo.

Mtafiti aliyekibuni kipimo aliingia na bahasha. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya buluu ya dawa za maabara, na gundi ya bahasha ikamshinda. Mkunga akaichukua, akaichana.

Alisoma mstari wa kwanza, akaurudia.

"Arobaini walipata kifafa," alisema taratibu. "Kipimo kiliwatambua thelathini na wanane. Wiki sita kabla."

"Na waliotishwa bure, bila kuugua?" Kaka aliuliza.

"Tisa tu, kati ya mia tatu na sitini."

Kaka alijivutia karatasi, akasoma mwenyewe, akavua miwani.

"Wiki sita?"

"Sita, kaka. Mimi nilikuwa napewa dakika."

Mtafiti alikuwa ameketi sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja. Kaka alitoa kalamu mfukoni, akamsukumia dada yake pamoja na mkataba uliokuwa mezani.

"Anza wewe kutia sahihi," alisema. "Leo wewe ndiye mkubwa."