Bahasha za Patrice Asukulu

“Hapa hakuna muntu wa ile jina,” alisema Anastasie, na hakunyosha hata mkono.

Fabien, mwendesha pikipiki aliyeileta bahasha kutoka kwenye magari ya Uvira, aliisoma tena. Jina lilikuwa Patrice Asukulu. Avenue, yaani barabara ya mtaa, ilikuwa hiyohiyo, namba ya nyumba hiyohiyo, na pembeni palikuwa na muhuri wa nyumba ya mikopo ambayo mji mzima wa Baraka haukuwahi kuisikia. Fabien alikuwa amekwisha kulipwa huko ilikotoka. Akaiacha juu ya ukuta, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Anastasie aliitazama bahasha ile kwa jicho baya. Alikuwa mjane, na alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika ofisi ya shule. Alishuku kila kitu. Akinunua ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, alichunguza kwanza kama kikopo cha kupimia hakikupondwa chini. Na alikuwa na sababu. Mumewe alipofariki, mashemeji walikuja kumfukuza kwenye parselle, kiwanja walichokijenga wote wawili. Kilichomwokoa ni karatasi moja yenye namba na saini, aliyokuwa ameificha ndani ya sanduku la bati. Tangu siku hiyo hakuamini tena mdomo wa mtu. Aliamini karatasi.

Liliane Nijimbere, mkimbizi kutoka Burundi aliyepanga chumba cha nyuma, alishauri bahasha ichomwe na mambo yaishe. Anastasie alikataa. Hicho ndicho wanachokitaka, alisema. Uichome, kesho waje kukudai kwamba umekula feza zao. Akaifungia sandukuni bila kuifungua, kando ya karatasi ya kiwanja.

Baada ya wiki mbili ikaja ya pili, imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba ni ya haraka. Alimuuliza mkubwa wa avenue, akauliza kanisani, akauliza kwa wavuvi kule ufukweni. Hakuna aliyemjua Patrice Asukulu. Akabadilisha kufuli ya lango.

Jumamosi asubuhi mtu akapiga hodi. Alikuwa mzee mwenye koti safi na kofia, viatu vimejaa vumbi jekundu.

“Jambo mama. Mi ni Asukulu. Nasikia barua yangu ilipotelea hapa.”

Anastasie hakufungua. Wakaongea kupitia tundu la lango. Mzee alieleza kwamba anachimba dhahabu Lulimba, kwamba huko barua hazifiki, na kwamba alitoa anwani ya mpwa wake anayekaa avenue hii, ila namba ikakosewa. Anastasie akadai kadi. Mzee akaipitisha tunduni. Anastasie akalinganisha picha na uso kwa muda mrefu, hadi Liliane akaona haya kwa niaba ya mgeni. Akamuuliza jina la baba yake. Akamuuliza muhuri una rangi gani. Mzee akajibu yote, polepole, bila kukasirika.

“Sikupe kitu bila décharge,” Anastasie akasema.

Hiyo décharge ni hati fupi ya makabidhiano: fulani amempa fulani kitu fulani, tarehe fulani, wote wawili wametia saini. Kule Fizi, eneo ulimo mji wa Baraka, hata cherehani haibadilishi mikono bila hiyo.

“Uko na haki kabisa, mama,” alisema mzee. “Siku hizi bezi ni bengi. Bantu bote bangekuwa sawa na weye, tungelala muzuri.”

Maneno hayo yalimfurahisha Anastasie kuliko alivyotaka kuonyesha. Akafungua lango. Akaandika décharge mbili kwa mwandiko wake wa ofisini: jina lake kamili, namba ya kadi yake, namba ya parselle, tarehe. Akatia saini yake yenye mkia mrefu. Mzee naye akasaini. Kisha Anastasie akadai nakala ya kadi ya mgeni, abaki nayo. Mzee hakubisha. Aliomba tu, kwa unyenyekevu, naye apewe ya mama, ili kila mmoja awe na ya mwenzake.

“Mama, unasaini mbio,” Liliane alinong'ona. “Mi nilisaini mara moja tu, kule kambini, na mupaka leo jina langu iko mbaya ku karatasi yabo.”

Anastasie akacheka. Karatasi uliyoiandika mwenyewe itakudhuru vipi?

Wakaenda sokoni kwenye mashine ya fotokopi. Mashine ilikuwa chafu, ikaacha doa jeusi kwenye nakala ya kadi ya Anastasie, kona ya kushoto, juu ya sikio lake pale pichani. Aligomba, kisha akalipia zote mbili mwenyewe. Mzee alimshukuru sana. Zile bahasha mbili alizisokomeza mfukoni bila kuzifungua. Décharge na nakala ya kadi alizikunja taratibu, akazitia ndani ya kofia.

Jumapili Anastasie aliwasimulia akina mama wa kanisa habari hiyo, na wakamsifu. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa.

Mwezi ulipopita, Fabien akasimamisha pikipiki langoni akiwa na bahasha ya tatu. Anastasie akampungia mkono kutoka mbali.

“Asukulu iko Lulimba. Umupelekee kule.”

“Hii haiko ya Asukulu, mama. Soma.”

Akasoma. *Kwa Madame Anastasie Mmunga, mdhamini wa Bwana Patrice Asukulu. Kwa kuwa mkopaji hajulikani alipo, parselle uliyoiweka rehani itachukuliwa baada ya siku thelathini. Tazama saini yako na nakala ya kadi yako.*

Akageuza ukurasa. Kwenye kona ya kushoto, juu ya sikio lake, kulikuwa na lile doa jeusi.